Nyasi Ndizo Zinazokuumbua

Mdogo wangu wa Tabata umeniuliza kwa nini mechi zako za EA Sports FC ni safi kabisa kwenye skrini yako, lakini ukizirusha mubashara watazamaji wanalalamika picha mbovu. Umeniambia pia kwamba umeshanunua kamera mpya. Pole kwa hiyo hela. Kamera inaonyesha sura yako tu, uwanja hauihusu. Kinachokuumbua ni nyasi.

Chukua video ya mechi yako ya mwisho, uiangalie pale kipa anapopiga mpira mrefu. Kamera ya gemu inakimbia kuufuata mpira, na papo hapo uwanja mzima unageuka bakabaka la kijani lenye vimraba vimraba. Namba za mgongoni hazisomeki, mstari wa katikati unakatikakatika, mashabiki jukwaani wanayeyuka. Kisha mwamuzi anapuliza filimbi, kamera inatulia. Sekunde moja, mbili, na nyasi zinarudi mahali pake, unaona hadi mistari ya mashine ya kukatia. Wachezaji wamesimama, picha nzuri. Mpira ukianza tu, vurugu upya.

Ukishaona hivyo, jua kwamba kompyuta yako haijaharibika wala mtandao haujakatika. Video ya mubashara haitumwi picha nzima nzima. Enkoda, yaani ile sehemu inayobana video kabla haijatoka nyumbani kwako, inatuma picha moja kamili kila baada ya sekunde chache, na katikati yake inatuma mabadiliko tu: kitu gani kimehama, kimehamia wapi, nini kipya kimetokea. Kamera ikitulia mabadiliko ni machache, miguu ya wachezaji na mpira. Kamera ikikimbia, kila unyasi umehama, na hakuna unyasi unaofanana na mwenzake. Enkoda ya H.264 inaigawa picha katika vimraba vya pikseli 16 kwa 16 na kujaribu kueleza kila kimoja. Isipopewa nafasi ya kutosha, inatupa undani, inabakiza rangi ya jumla. Vile vimraba unavyoviona ndivyo hivyo.

Wenzangu wa Warzone, Fortnite na GTA V msijione mmepona. Kwenu nyasi ni majani ya miti, mvua, moshi na vumbi. Anayecheza gemu la vita msituni ana hali ngumu kuliko huyu wa mpira.

Sasa hesabu, na nitaomba univumilie maana yote yaliyobaki yanatoka hapa. Kiasi cha data unachotuma kwa sekunde ndicho kinachoitwa bitireti, na kwa kawaida tunakitaja kwa kilobiti. Bitireti ni sufuria moja ya pilau: wageni wakiongezeka, sufuria haipanuki, kinachopungua ni kilicho kwenye sahani ya kila mmoja. Wageni wako ni pikseli. Ukirusha 1080p kwa fremu 60, unalisha pikseli zaidi ya milioni 124 kila sekunde. Ukirusha 720p kwa fremu 60 zinabaki milioni 55 na kidogo. 720p kwa fremu 30, milioni 27 na ushee. Twitch kwa miaka mingi imependekeza mrushaji wa kawaida asivuke kilobiti 6000. Gawa: kwenye 1080p fremu 60, kila pikseli inapata biti 0.05, haifiki hata hapo. Shuka 720p fremu 60 utume kilobiti 4500 tu, na kila pikseli inapata biti 0.08. Umetuma data pungufu kwa robo, na bado kila pikseli imeongezewa zaidi ya nusu ya ilichokuwa nacho.

Kwa hiyo mdogo wangu, shuka 720p. Najua umekunja uso. Najua unaona aibu mtazamaji akibonyeza ile alama ya gia na kukuta 1080 haipo. Lakini 720p iliyoshiba inaizidi 1080p yenye njaa, na kwenye mpira inaizidi mbali. Wewe mwenyewe umesema watazamaji wako wengi wanatumia simu. Kwenye skrini ya inchi sita na nusu, ni nani atakayehesabu pikseli? Atakachoona ni kama namba ya mgongoni inasomeka au haisomeki.

Tena wafikirie mabando yao. Kilobiti 6000 za picha pamoja na sauti zinakula gigabaiti 2.7 hivi kwa saa, za kwako unayerusha na za kila anayekutazama kwa ubora huohuo. Kwa kilobiti 3000 ni gigabaiti moja na nusu kasoro. YouTube inatengeneza matoleo madogo ya video yako yenyewe, kwa hiyo mtu wa bando dogo anashuka 360p au 240p na anaendelea kukuangalia. Twitch inawahakikishia hilo washirika wake wakubwa. Mrushaji mdogo anapata nafasi ikiwepo, isipokuwepo mtazamaji hana pa kushukia, anapokea mzigo wote kama ulivyoutuma au anaondoka. Ndiyo maana nikiulizwa na mtu anayetangaza kwa Kiswahili na watazamaji wake wako Mbeya, Mwanza na Nakuru, namwambia aanzie YouTube. Wa Twitch mtaninunia, sawa, lakini mnajua nasema kweli.

Fremu 30 au 60? Gemu la mpira na la kufyatua risasi hupendeza kwa 60. Gemu la mikakati, la mbio za taratibu, la kujenga kama Minecraft, 30 inatosha kabisa, na biti zote zinakwenda kwenye undani. Kama mtandao wako unaweza kilobiti 3000 tu, rusha 720p kwa fremu 30 hata kwenye mpira. Usisikilize watu.

Karibu nyote mnaoniandikia mnatumia OBS Studio, na mmechagua vizuri: ni ya bure, imekuwepo tangu 2012, na haibandiki nembo yake kwenye video yako. Ingia Settings, kisha Video. Pana mistari miwili ya ukubwa. Wa juu, Base, uwe sawa na skrini yako. Wa chini, Output, ndio unaokwenda kwa watazamaji. Hapa kuna kosa ninaloliona sana kwa wenye laptopu za mtumba: skrini yao ni 1366 kwa 768, halafu Output wameweka 1920 kwa 1080. Mdogo wangu, pikseli hizo za ziada umezitoa wapi? Umezivuta tu, umeongeza wageni ambao hawakuwepo. Weka 1280 kwa 720. Na kwenye kichujio cha kupunguza picha, kilichoandikwa Downscale Filter, chagua Lanczos, maandishi ya ubao wa matokeo yatasomeka vizuri zaidi. Kompyuta ikilemewa, rudi Bicubic.

Ukitoka hapo ingia ukurasa wa Output. Njia ya kudhibiti bitireti iwe CBR, yaani kiwango kisichopandapanda. Picha kamili, wanayoiita keyframe, iwe kila sekunde 2. Usiache sifuri ukitegemea programu ijiamulie. Sauti kilobiti 160, inatosha muziki na mdomo wako. Haya nimeyapita haraka kwa sababu ukishayaweka hutayagusa tena.

Mtandao ndio tutakaa nao.

Matangazo yote ya intaneti yanakutajia kasi ya kupakua. Wewe unayerusha unapakia. Hivyo ni vitu viwili, na kwenye laini nyingi za simu kupakia ni kudogo sana kuliko kupakua. Fungua kipimo cha kasi, usiangalie ile namba kubwa inayokupa furaha, angalia ya pili. Halafu usipime saa nne asubuhi wakati mtaa mzima uko kazini. Pima saa tatu usiku, saa yako ya kurusha, wakati jirani anaangalia tamthilia na wanafunzi wako TikTok. Pima mara kadhaa, kwa siku tofauti, uchukue namba ya chini kabisa. Siyo wastani. Ya chini kabisa, kwa sababu mtazamaji hakumbuki dakika hamsini zilizokwenda vizuri, anakumbuka penalti iliyoganda. Namba hiyo ya chini itumie robo tatu tu. Ukipata megabiti 4, bitireti yako isizidi 3000. Robo inayobaki ni ya gemu lenyewe, ya WhatsApp ya mama sebuleni, na ya mtandao kuyumba.

Kipimo cha kasi kina hila moja. Kinapenda kuchagua seva iliyo karibu nawe, hapohapo Dar es Salaam au Nairobi, na namba inatoka nzuri. Lakini video yako huenda inasafiri mbali zaidi ya hapo. Mnakumbuka Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, na mtandao ukayumba Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda? Njia ya ndani inaweza kuwa nzima huku ya nje inachechemea. Badilisha seva ya kipimo, chagua ya Ulaya au Afrika Kusini, upime tena. Tofauti ya namba hizo mbili itakueleza mengi kuhusu njia yako. Na kwa wa Twitch, OBS ina mahali pa kuwasha jaribio la mtandao, Bandwidth Test, kwenye ukurasa wa Stream. Unarusha kama kawaida lakini hakuna anayekuona, unaachia dakika kumi na tano, unaangalia kama fremu zinapotea. Ukimaliza uizime. Kuna watu wametangaza mechi nzima kwa kelele zote, hakuna aliyewaona.

Waya. Nunua waya wa mtandao, uchomeke kompyuta moja kwa moja kwenye ruta. Nikisema hivi kila mtu anajibu "dada, waifai yangu ina nguvu". Waifai yako ina nguvu, lakini inagombania hewa na waifai za majirani, hasa ile ya 2.4 GHz ambayo kila ruta ya mtaa inaitumia. Kwa kupakua hutajali, kwa sababu video unayoangalia inajiwekea akiba mbele. Anayerusha mubashara hana akiba ya kutosha, fremu iliyochelewa inatupwa. Kama chumba chako kiko mbali na mwenye nyumba hataki kutobolewa ukuta, tumia 5 GHz na usogeze ruta, isiwe nyuma ya friji au juu ya kabati la chuma. Anayetumia ruta ya laini ya simu aiweke dirishani kwanza kabla hajalaumu chochote. Na zile simu za nyumbani zinazojipakilia picha zenyewe usiku kwenye hifadhi ya mtandaoni, zizuie saa ya mechi. Ndugu mmoja akirudi harusini na picha mia tano, wewe huna bitireti.

Sasa nataka ufungue dirisha moja ambalo wengi wenu hamjawahi kuliona. Kwenye OBS, bonyeza menyu ya Docks, au View kwa matoleo ya zamani, uchague Stats. Lisimamishe pembeni wakati unarusha. Kuna mistari mitatu inayohesabu fremu zilizopotea, na kila mmoja unataja ugonjwa wake. Watu wanachanganya magonjwa haya matatu, wanameza dawa ya mwingine.

Mstari wenye neno rendering ukipanda, kadi ya picha imelemewa. Gemu limeichukua yote, OBS inabaki kusubiri mlangoni. Utaona gemu kwako linakwenda fremu 110, unajisikia vizuri, kumbe video inarukaruka. Dawa yake ni kulifunga gemu kwenye fremu 60 ndani ya mipangilio yake yenyewe, au kupunguza vivuli na uakisi. Fremu 110 unazozalisha, mtazamaji anapata 60 tu, sasa zile 50 unampikia nani? Kisha fungua OBS kwa haki za msimamizi, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama yake uchague Run as administrator. Windows inaipa kipaumbele kwenye kadi. Watu wengi wamepona kwa hilo peke yake.

Mstari wenye neno encoding ukipanda, enkoda haiwahi. Hapa unabadilisha enkoda au unairahisishia kazi, na nitaeleza chini kidogo.

Mstari wa network ukipanda, ni mtandao. Hapo ndipo waya na bitireti ndogo vinasaidia, na hapo tu. Wakati mwingine nakuta mtu amepunguza bitireti hadi 1500 kutibu ugonjwa wa kadi ya picha: video inaruka vilevile, na sasa ina ukungu juu. Kwa wenye mtandao unaoyumba, kwenye Advanced kuna kisanduku cha kuiruhusu OBS ipunguze bitireti yenyewe mtandao ukizidiwa na kuirudisha ukitulia. Kipo tangu 2019. Picha itafifia kwa muda, lakini haitakatika. Kwa laini za simu naona ni lazima.

Na mistari yote mitatu ikiwa sifuri lakini picha bado mbaya? Huyo ndiye mdogo wangu wa Tabata. Hana fremu inayopotea. Zote zinafika, zimefika na njaa.

Enkoda, basi. Una njia mbili. Ya kwanza ni x264, inayotumia prosesa. Ya pili ni enkoda iliyojengwa ndani ya kadi: NVIDIA wanaiita NVENC, Intel wanaiita Quick Sync, AMD nao wana yao. Kama una kadi ya NVIDIA ya RTX, au GTX 1660, usipoteze muda, chagua NVENC. Kizazi hicho kilichoanza 2018 kiliboreshwa sana, picha yake ni nzuri na gemu haliisikii. Tahadhari kwa wenye GTX 1650, ambao ni wengi sana kwenye laptopu: nyingi ya kadi hizo zilipewa enkoda ya kizazi cha nyuma. Inafanya kazi, lakini kwa bitireti ndogo utaona ukungu kidogo kuliko mwenzako wa 1660. Ipe 720p na hutalalamika.

Wanaoumia ni wale wenye laptopu zenye kibandiko cha NVIDIA MX, kama MX150 au MX250. Mnatafuta NVENC kwenye orodha haipo, mnadhani programu imekataa. Kadi hizo hazina enkoda. Msijisumbue na madreva. Prosesa yenu ya Intel ina Quick Sync, tumieni hiyo, inawaachia kadi icheze gemu.

Anayebaki na x264 aanze na kiwango cha veryfast. Kushuka kwenda faster au medium kunaleta picha safi zaidi kwa bitireti ileile, lakini prosesa inalipa. Shuka pole pole huku ukiangalia ule mstari wa pili wa Stats. Ukianza kuhesabu, rudi ulikotoka.

Kuna habari ya AV1 pia, nimeulizwa na waliosikia. Ni mfumo mpya wa kubana video, unatoa picha bora kwa data ileile, na YouTube inaupokea kutoka OBS tangu 2023. Unahitaji kadi ya RTX ya 4000 na kuendelea, Intel Arc, au AMD ya RX 7000 na kuendelea. Ukiwa nayo, itumie. Usipokuwa nayo, usiuze pikipiki.

Sasa turudi uwanjani, maana kuna biti unazoweza kuokoa ndani ya gemu lenyewe na hakuna anayezizungumzia. Gemu nyingi zina kitu kinaitwa film grain, chembechembe za makusudi zinazofanya picha ifanane na filamu ya zamani. Zima. Enkoda haijui kwamba hizo ni mapambo. Inajaribu kueleza kila chembe, kila fremu, na chembe zinabadilika kila mara. Ni kuchoma biti mchana kweupe. Punguza undani wa nyasi na wa mashabiki kama gemu linaruhusu. Mvua na theluji kwenye mechi za mtandaoni za kirafiki, zima, cheza jua. Na kamera: watu wa mpira, kamera ya karibu inayomfuata mchezaji inageuza skrini yote kila sekunde. Chagua ya mbali, iliyo juu zaidi. Uwanja unaonekana mpana na kamera inahama taratibu. Kwa jambo hili moja, bila kugusa mtandao, picha ya mechi inatengemaa kiasi ambacho utadhani umebadilisha kampuni ya intaneti.

Motion blur wengi huizima kwa sababu ya mchezo wenyewe, na sina ugomvi nao. Ila jueni kwamba kwa upande wa video, ukungu kidogo wa mwendo huisaidia enkoda, kwa kuwa unapunguza undani pale ambapo ingeutupa hata hivyo. Jaribuni muone.

Aliyeniandikia kutoka Mwanza anasema video yake ni nzuri dakika ishirini za mwanzo kisha inaharibika, akizima na kuwasha baada ya nusu saa inakuwa nzuri tena. Hilo ni joto, dada yangu. Laptopu ikipata moto inajipunguzia kasi ili isiungue, na kurusha gemu ni kuichezesha na kuibebesha kwa wakati mmoja. Iinue nyuma kwa vitabu viwili ipate hewa, isikae kitandani wala juu ya kitambaa cha meza. Fundi aisafishe feni na kubadilisha ile gundi ya joto ya prosesa, hasa kama ni ya mtumba, maana vumbi lililokaa humo limekuja na meli. Na uicheze ikiwa kwenye chaja. Laptopu ikiwa kwenye betri hushusha nguvu ya kadi ya picha kwa makusudi, na hapo unaweza kubadilisha mipangilio hadi asubuhi bila mafanikio.

Laptopu yenye kadi mbili huwa na kisa kingine: unachagua kunasa skrini, unaona weusi mtupu. OBS inaendeshwa na kadi moja, skrini inaendeshwa na nyingine. Ingia mipangilio ya michoro ya Windows uiweke OBS kwenye kadi ileile ya skrini. Bora zaidi, acha kunasa skrini nzima, tumia Game Capture inayochukua gemu moja kwa moja. Ni nyepesi, na ujumbe wa mjomba hautokei mbele ya watu.

Kuhusu ile kamera mpya, usiitupe. Sogeza taa mbele ya uso wako, isiwe nyuma ya kichwa. Kamera ya bei rahisi kwenye mwanga hafifu inajaza picha chembechembe, na chembechembe tumeshazisema. Kiboksi chako kidogo pembeni kinaweza kula biti za uwanja mzima. Taa ya kawaida ya meza na ukuta mtupu nyuma yako vinatosha. Wale mnaokaa mbele ya pazia la maua linalopepeshwa na feni, mmenielewa.

Kabla ya kuita watu, fanya hivi. Fungua mubashara wa YouTube uliowekwa faragha, urushe mechi moja, kisha uitazame kwa simu, kwa data ya simu, siyo kwa waifai ya nyumbani. Usiangalie kwenye kompyuta ileile, dirisha la OBS linakuonyesha picha kabla haijabanwa, litakusifia daima. Angalia kona zinapopigwa, angalia marudio ya goli, soma majina kwenye ubao. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, la sivyo hutajua kilichokusaidia. Wakati huohuo usirekodi kwenye diski kwa mipangilio mikubwa ukiwa na mashine dhaifu, unaipa kazi ya tatu.

Wa mwisho ameuliza kama anunue kifaa cha kunasa picha cha laki tatu ambacho ameonyeshwa Kariakoo. Kama unacheza PlayStation na unataka picha yake iingie kwenye kompyuta, kinakuhusu. Kama gemu liko kwenye kompyuta hiyohiyo unayorushia, hukihitaji, hata akwambie nini. Nunua waya wa mita kumi, feni ya chini ya laptopu, na taa ya meza. Chenji ikibaki, iweke kwa ajili ya UPS ndogo ya ruta. Umeme ukikatika laptopu yako itaendelea kwa betri, lakini ruta bila umeme ni plastiki tu.